Mama, Mbegu Yako Nimeificha Nyuma ya Bafu

Mpendwa mama,

Tita moja la mbegu yako ya muhogo liko nyuma ya bafu. Nimelifunika kwa turubai la bluu, na juu ya turubai nimeweka beseni bovu ili upepo usilifunue. Shamba lako lote tumeshaling'oa na kulichoma. Wanawake kumi na wawili wa kikundi nao wamechoma mihogo yao, kwa sababu mimi, katibu wao, niliwaambia wachome. Kesho Jumamosi bibi shamba anakuja, na kila mmoja wetu atasaini kwamba kwake halijabaki shina hata moja la mbegu ya zamani. Kwangu limebaki tita zima na sijamwambia mtu. Nakuambia wewe, mtu pekee asiyeweza kunisaidia.

Barua hii naiacha wazi, atakayeikuta aisome. Kumfungia bahasha mtu aliyeko makaburini ni kujidanganya, na mwaka huu nimejidanganya vya kutosha.

Najua kaburi lako liko mjini. Nikipata nafasi nakuja, nakusomea dua, nang'oa majani. Lakini maneno yangu na wewe huwa nayasemea huku bondeni, chini ya Makumira, kwenye hizi ekari mbili, maana huku ndiko ulikokuwa unasikiliza. Kule mjini naona haya, watu wanapita.

Unaikumbuka asubuhi ile? Ulikuwa umeshaacha kula. Ulitaka tukisogeze kitanda dirishani uione mihogo yako, tukakisogeza, ukaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayehesabu kuku. Halafu ukanishika kiganja. Mkono wako ulikuwa mwepesi mno.

"Zaina, mbegu yangu isipotee mikononi mwako."

"Haitapotea, mama."

Ningesema nini kingine? Mtu anayeondoka akikuomba kitu, huanzi kumpangia masharti. Siku ya tatu ukaenda, na mimi nikabaki na ahadi yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kuondoka hapa zaidi ya siku mbili. Kaka Hamisi akipiga simu kutoka Tanga, swali lake la kwanza ni mbegu, la pili ndiyo afya yangu. "Wewe ndiye uliyeachiwa," ananiambia. Yeye mwenyewe asubuhi anakula mkate. Nilikuja kukuuguza wiki mbili tu, cherehani yangu nikaiacha Lemara kwa shoga yangu anitunzie, na wiki mbili zile sasa ni mwaka wa saba. Cherehani naambiwa bado inafanya kazi vizuri.

Hiyo mbegu ulitoka nayo Muheza ulipoolewa. Baba alikuwa akisimulia kila Idi, na kila Idi alicheka hadi akakohoa: bibi harusi ameshuka stendi ya Arusha na kijisanduku kimoja na gunia bichi la miti, watu wanamuuliza bwana harusi kama huko mjini hakuna kuni. Ulilipakata gunia lile njia nzima, ukilinyunyizia maji kila basi liliposimama. Kijenge mlikopanga, ulipanda nyuma ya nyumba, hadi karibu na mlango wa choo. Na baba alipopata hizi ekari mbili, pingili zako ziliingia ardhini kabla hata ya mawe ya msingi wa nyumba.

Majirani Wameru walikucheka. Kwao chakula kilikuwa ndizi, na ndizi ikikosekana, mahindi. Muhogo waliuita chakula cha njaa, na mtu mwenye heshima zake haoneshi kwamba ana njaa. Mama Anaeli wa ng'ambo ya mfereji ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote kwa kejeli. Alisimama pale mpakani na kanga yake kiunoni: "Mwanaidi, hii miti yako inaliwa au inachanjwa?"

"Njaa haina kabila, shoga yangu," ukamjibu. "Ngoja tu."

Ulingoja kweli. Mwaka ule mvua zilipotukataa na mahindi yakakauka yakiwa hayajafika magotini, alikuja na kikapu amekifunika kwa majani ya mgomba ili watu wa kanisani wasione anaenda kuomba nini. Mimi nilikuwa mdogo, nilisimama mlangoni nikisubiri umseme. Hukumsema. Ukamjazia kikapu, kisha ukachukua panga ukakata pingili, ukampimia kwa shibiri yako, ukamwonesha jinsi ya kuzilaza kidogo, macho ya pingili yakitazama juu. Alipouliza akupe nini ukamwambia mbegu haiuzwi. Kuanzia hapo bonde lote hili likawa na muhogo wa kwenu, na Mama Anaeli akawa ndugu yako kuliko ndugu zako.

Mimi sikuupenda, leo naweza kukuambia. Hakuna mtoto aliyeuchukia muhogo kama mimi. Uliponipa kazi ya kulinda makopa ya muhogo juani, na fimbo yangu, na mbuzi wa Mama Anaeli wakinizunguka kwa zamu, niliapa kwamba nikikua nitaishi mahali ambapo unga unatoka dukani. Ulikuwa unayaanika juu ya mabati yaliyolazwa chini, na vumbi la barabara linakuja moja kwa moja. Nisamehe, mama, lakini ugali wako ulikuwa na mchanga. Tulikuwa tunatafuna taratibu na hakuna aliyethubutu kusema.

Ndiyo maana sasa nakuambia kitu kitakachokushangaza. Baada ya wewe kuondoka, mimi Zaina niliupenda muhogo.

Tulianzisha kikundi. Bibi shamba, binti mdogo anayeitwa Glory, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, ndiye aliyetukusanya. Tukajenga kibanda, tukapata mashine ya kukata muhogo vipande vyembamba, tukatengeneza vichanja vya miti na wavu, vimeinuka hadi kifuani, mbuzi abaki kutazama tu. Tukajifunza kung'oa alfajiri, kumenya, kuosha mara mbili, kukata, na kabla ya saa sita mchana muhogo uko juu ya kichanja. Ukisubiri kesho yake umeshaanza kuharibika. Mashine ile ungeikataa siku ya kwanza na siku ya pili ungempokonya mtu mpini. Na unga wake, mama! Mweupe, mlaini, hauna hata chembe ya kusaga jinoni. Siku tuliyosonga ugali wa kwanza pale kibandani, wa muhogo wa kujifunzia tulionunua sokoni, nilitoka nje nikalia, nikawaambia wenzangu ni moshi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Kwenye arobaini yako nilitaka kukutolea sadaka ambayo itaendelea kukufikia. Wengine wanachimba kisima, wengine wananunua mikeka ya msikiti. Mimi nikasema, mama yangu alilisha bonde hili kwa pingili, basi sadaka yake iwe pingili. Nikakata shamba lako, nikafunga matita, na kila mwanamke aliyekuja kusoma au kukaa nasi aliondoka na tita lake, Waislamu kwa Wakristo. Nilisimama mlangoni nikiwakabidhi mmoja mmoja. Kila shina litakaloshika, nilijiambia, na kila mtoto atakayeshiba, thawabu inakwenda kwa Mwanaidi. Sijawahi kujisikia mtoto mwema kama siku ile.

Miezi michache baadaye, kikundi kilipoanza, Glory alitaka kutuletea mbegu safi, iliyokaguliwa. Wanawake wakagoma. "Sisi tunayo yetu ya hapa hapa." Glory akaniambia basi, wewe katibu, kalikague shamba inakotoka hiyo mbegu, ng'oa mashina kadhaa, upasue uangalie ndani, ndipo uandike. Alinifundisha jinsi ya kupasua. Nikaenda shambani kwako. Nikaona majani ya kijani, mashina yamesimama, na nikaandika kwamba mbegu ni nzuri. Sikung'oa hata shina moja. Kupasua muhogo wako niliona ni kama kukupekua wewe.

Mavuno ya kwanza ya ile mbegu ya sadaka yalikuwa ya Mama Anaeli. Alikuja na magunia mawili, anaimba. Tukamenya, kwa nje mweupe, mzuri. Mashine ikaanza, na vipande vikatoka na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa.

"Labda kisu changu kina kutu," Mama Anaeli akasema.

Kutu gani inaingia katikati ya muhogo? Wiki iliyofuata akaja mwingine, madoa yale yale. Na mwingine. Kwa baadhi yao hakikupatikana cha kuanika, tulimenya na kutupa, tulimenya na kutupa, hadi ndoo za maganda zikawa nzito kuliko kichanja. Ndipo Glory akaja, akapasua mmoja kwa ubapa wa panga lake, akapasua wa pili, akaketi kwenye tofali.

"Mama zangu, huu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unakaa ndani ya pingili. Mbegu mlitoa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Wanawake kumi na wawili, wenye midomo unayoijua, wote kimya. Nilijua wananisubiri mimi nikutaje. Nikawa nimefunga mdomo kama wao. Mwisho Mama Anaeli akasema, "Mbegu ni ya siku nyingi tu, mwanangu, hata hatukumbuki." Alidanganya kwa ajili yako, mama, yeye mzee wa kanisa. Na wengine wote wakaitikia kwa vichwa. Tangu hapo jina lako tumelizungushia ukuta, na mimi ndiye niliyefungiwa humo ndani.

Glory alitueleza taratibu. Majani yanaweza kukudanganya yakaonekana mazima. Inzi weupe wanachukua ugonjwa shamba hili wanapeleka lile. Tukileta mbegu safi na huku bondeni limebaki shina moja bovu, baada ya misimu miwili tutakuwa tumerudi pale pale. "Shina moja tu," alirudia, na macho yake yakanipitia kama anavyopitia watu wote, lakini mimi niliyaona yamesimama kwangu.

Nilisema tuchome. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Tulichoma siku nne, shamba hadi shamba, na kwako tukamalizia. Kabla hawajafika nilikuwa nimeshakata tita langu.

Siku ile moshi ukiwa bado unafuka, kisu chako ndicho kilichonijia. Kile chenye mpini wa mti uliofungwa waya. Nikakumbuka ulivyokuwa unamenya muhogo ukiwa umegeukia ukuta. Sisi watoto tulikuwa tunaruhusiwa kuteka maji, kupepeta, kutwanga, lakini kumenya ilikuwa kazi yako, hata ukiwa mgonjwa. "Mtajikata," ulikuwa unasema. Na nilikumbuka sauti ya vipande vikianguka kwenye ndoo ya kuku, vingi kuliko maganda. Siku moja nilikuuliza mbona unatupa sana. Ukaniambia udongo wa huku una wivu, hauwezi kuona muhogo wa pwani unanenepa ukaacha kuutia doa.

Uliniambia hivyo nikacheka. Nilikuwa na miaka kama kumi hivi. Leo sicheki. Je, ulijua, mama? Ulijua ni mbegu, ukanishika mkono na kuniapisha juu yake? Naomba radhi kwa kukuuliza hivi, mtoto hamhoji marehemu. Lakini nimekukasirikia. Nimekukasirikia tangu siku ya moshi, nikifagia, nikiswali, nikichuja chai. Kukukasirikia kunanichosha zaidi kuliko kukulilia kulivyonichosha, kwa sababu nikikulilia watu walikuwa wananiletea uji.

Jana nilimpigia simu ustadhi aliyekusomea. Nikamweleza kwa kuzunguka, kwamba kuna mtu ameachiwa wosia, na wosia ule unadhuru watu. Hakufikiri hata kidogo. "Wosia wenye madhara hautekelezwi, Zaina. Na huyo mtu mwambie marehemu hana deni naye." Nikamshukuru sana. Nikakata simu, nikachota maji kwenye kopo, nikaenda nyuma ya bafu nikalimwagilia tita.

Ndivyo nilivyo kwa sasa. Nikilichoma, nimekuzika mara ya pili, na safari hii mimi ndiye mwenye jembe. Nikilipanda, nawapandia wenzangu njaa. Nikiliacha pale chini ya turubai, linachipua lenyewe, halinisubiri niamue. Jana nilifunua kidogo nikaona vichipukizi vyenye urefu wa kidole. Nilifurahi, mama. Moyo uliruka kabla sijaukataza.

Nasikia hodi ya Mama Anaeli. Naiweka kalamu.

*

Ni Jumamosi asubuhi, naendelea na barua nikisubiri maji yachemke. Jana nilipofungua mlango alikuwa amesimama uani, fimbo yake ya kutembelea mkononi, anahema. Miguu yake haimpeleki tena kama zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Akakataa kiti. Akauliza kama nimechoma yote. Nikasema nimechoma. Akauliza, yote kabisa? Nikasema yote kabisa, na nikaangalia kuku. Akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kwa mchungaji, "Mimi nimebakiza, Zaina. Mashina mawili. Yako huko migombani nyuma ya zizi, nimeyaegemezea majani makavu. Kesho nitasaini vipi? Mimi si mtu wa kusaini uongo. Na kuchoma nimeshindwa. Mama yako alinipa nina njaa, hakunisema. Nilimcheka yeye hadharani, akanificha mimi aibu yangu. Nianzie wapi kuchoma?"

Yeye alikuja kwa katibu ili katibu amwambie la kufanya, na katibu ana tita nyuma ya bafu. Ningeweza kumwambia, mama, kayachome, sheria ni sheria, akaondoka na machozi yake akayachome kweli, na mimi nikabaki na langu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa tayari kabisa.

Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya bafu. Nikaondoa beseni, nikafunua turubai.

Aliangalia tita, akaniangalia mimi, akaangalia tita. Kisha akacheka, mama, ungemsikia! Alicheka hadi ikabidi nimkalishe juu ya beseni lililopinduliwa. "Kumbe mwizi ni katibu! Unatuamrisha tuchome, na wewe unafuga!" Nami nikaanza kucheka, tukacheka wote wawili kama wasichana waliokula sukari ya wageni. Sijacheka hivyo tangu uondoke.

Halafu akainama kuvishika vichipukizi. Akavitazama kwa karibu, maana macho yake ni hafifu. Kicheko kikamkatika. Pembeni ya mishipa ya yale majani machanga kulikuwa na rangi ya njano, jani hata halijakunjuka limeshaugua. Mimi nilikuwa nimeyamwagilia na kuyashangilia bila kuyatazama.

"Zaina," akasema, "kama mimi nimebakiza na wewe umebakiza, wale wengine kumi na mmoja je?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Nilidhani ni mimi tu ninayekupenda kiasi cha kudanganya. Nikaona bonde zima, mama: nyuma ya mazizi, nyuma ya vyoo, katikati ya migomba, kila mwanamke na pingili zake mbili tatu alizozifunika kwa heshima yako, na inzi weupe wanapita kwa mmoja mmoja kusalimia. Tungeipanda mbegu safi juu ya siri zetu. Watoto wa watoto wetu wangemenya muhogo wamegeukia ukuta.

Ndipo nikamuuliza lile nililokuwa nakuuliza wewe. "Mama, yeye alijua?"

"Alijua kuna kitu," akasema. "Mimi alinikataza nisiuache ardhini mwaka mzima. Vuna mapema, shoga, ukiuchelewesha udongo unautia doa. Ndivyo alivyoamini, ni udongo. Ila kuna siku, kabla hajalala kitandani moja kwa moja, nilimkuta shambani amekaa chini, ameng'oa shina zima, lote bovu. Analia. Akaniambia, mbegu ya kwetu inanifia mikononi na sijui nimeikosea nini."

Basi ndivyo. Uliniomba isipotee kwa sababu ulikuwa umeiona inapotea. Nilikuwa nimejiandaa kukukasirikia kwa kunificha, nikakukuta huna ulichojua zaidi ya hofu, na hofu yenyewe ukanirithisha. Hasira haijaniisha yote, nisikudanganye. Imepungua makali.

Tulikwenda kwake kwa mwendo wake wa polepole, tukayatoa yale mashina mawili migombani, tukarudi nayo. Muhogo mbichi hauwaki haraka, unafuka na kulia povu. Ilibidi tulete magunzi na nyasi kavu na mafuta ya taa kidogo. Mama Anaeli aliniambia niwashe mimi. Nilimwambia yeye ni mkubwa, awashe yeye. Tukabishana hapo, kila mmoja akimsukumia mwenzake kiberiti, mwisho nikawasha mimi, kwa kuwa ahadi ilikuwa yangu.

Alisali kwa Kimeru, mimi nikakusomea Fatiha. Tulisubiri hadi jua likaelekea Monduli na pakabaki majivu. Alipoondoka nilimsindikiza hadi mferejini, naye akasimama, akaniambia, "Kesho usiwakaripie. Waulize tu." Nikamwahidi. Sijui nimezidi kuahidi watu vitu.

Leo, kabla ya mtu yeyote hajasaini, nitawasomea barua hii pale kibandani, kuanzia tita nyuma ya bafu hadi hapa. Glory ataisikia pia, na atajua mbegu ilitoka wapi na kwamba niliandika ni nzuri bila kung'oa wala kupasua. Wakiniondoa ukatibu watakuwa na haki. Ila watasikia kutoka kwangu, na jina lako nitalitamka mwenyewe, kwa sauti, ili litoke kwenye ule ukuta. Nimeshakunywa maji mara tatu.

Kaka Hamisi nitampigia jioni. Atapiga kelele. Nitamwambia na yeye ni mtoto wako, shamba liko hapa, na basi la kuja huku lipo kila siku.

Ustadhi anasema huna deni nami, Mama Anaeli anasema ungeelewa. Watu wema wananitafutia mlango wa kutokea. Lakini wewe na mimi tunajua niliahidi nini. Ulisema isipotee mikononi mwangu, na imepotea mikononi mwangu, kwa kiberiti nilichokiwasha mwenyewe, na sitaki mtu anifariji kwamba sikuivunja ahadi. Nimeivunja. Nitakuja nayo hivyo hivyo siku tutakayoonana.

Pumzika, mama. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Mvua zikianza Glory ataleta mbegu ngeni, haijui Muheza, haikujui wewe, na itapandwa pale pale palipokuwa pako. Nitaipalilia.

Kitinda mimba wako, yule uliyemwachia,

Zaina